Abiria wa Kiti cha Tano

Mama Kitinda alikuwa mwanamke wa kuchungulia. Hakuwa mbeya. Mbeya hupeleka habari, na yeye hakuzipeleka popote, alizikusanya tu. Miaka ishirini na sita alikaa nyuma ya cherehani yake barazani akishona sare za shule, mguu ukisukuma kikanyagio na jicho likiwa barabarani. Alijua nani kapita, kapita na nani, na karudi na uso wa namna gani. Watoto wake wanne aliwalea kwa jicho hilo hilo. Wa kwanza alipoanza kuvuta sigara, mama alijua kabla ya mwenye duka la sigara. Wa pili alipopata mchumba, mama alimchunguza mchumba mpaka kwa kinyozi wake. Wa tatu alipotaka kupumua, aliomba kazi ya ualimu mahali ambako gari hufika mara moja kwa wiki.

Akabaki wa mwisho, Kitinda, na huyo ndiye aliyemshinda. Kitinda alichagua kazi ambayo jicho haliwezi kuifuata. Jicho la mama hufika juu ya paa, likijitahidi hufika juu ya mnara wa simu, na baada ya hapo ni mawingu.

"Angekuwa dereva wa lori," alimwambia mumewe, "ningesimama barabarani nikamwona akipita."

Mumewe alikuwa fundi baiskeli, mtu wa maneno machache aliyecheka kwa mabega tu. "Ungelisimamisha hilo lori," alisema, "ukamuuliza kama amekula."

"Ningemuuliza. Kuna ubaya gani?"

Mabega ya fundi yakacheka, akarudi kwenye mnyororo wake.

Kitinda alikuwa na miaka ishirini na minne. Kwenye kampuni moja ya ndege ndogo aliingia kwanza kama mpokeaji wa vifurushi, akikaa nyuma ya dawati, akifunga kamba na kubandika karatasi. Urubani aliusoma kwa vipande, saa moja moja ya kuruka, kama mtu anayejenga nyumba kwa tofali la kila mwisho wa mwezi. Leseni ilipotoka, kampuni ikampa majaribio ya miezi mitatu. Angeongoza ndege yenye abiria, lakini kiti cha kulia angekaa rubani mzee mwenye kalamu nyekundu, anamtazama na kuandika. Siku ya mwisho mzee huyo angetia sahihi, na Kitinda angekuwa rubani wa kampuni, peke yake na abiria wake. Asipotia, angerudi dawatini kwenye kamba na vifurushi. Njia ya tatu haikuwapo.

Kiwanjani walimwita Mzee Kalamu.

"Anakaripia?" mama aliuliza.

"Hakaripii. Anaandika."

"Bora angekaripia," mama alisema, maana mtu anayekaripia unajua pa kumshika.

Jioni moja mezani akataka kujua mzee yule hutazama nini zaidi. Kitinda, mdomo umejaa, akasema ni uzito. Kila abiria lazima apande mizani, mtu na nguo zake, na kila kilo inaandikwa kwenye karatasi kabla injini haijawashwa.

"Hata mtu mzima mnampima kama gunia?" mama aliuliza.

"Hata gavana. Baba, ukipakia gunia kubwa nyuma ya baiskeli, gurudumu la mbele linafanyaje?"

"Linanyanyuka," alisema fundi.

"Basi na sisi hivyo hivyo. Wazito mbele, wepesi nyuma. Tena kule tunakotua kiwanja ni kifupi na miti imekisogelea. Ukizidisha, hata kama ni kidogo, unaweza kuja kujua wakati umeshachelewa. Baiskeli ukianguka unajipangusa vumbi. Sisi..." Hapo aliona uso wa mama yake, akajaribu kuirudisha ile sentensi. "Sisi hatuzidishi, Mama. Ndiyo maana tunapima."

Lakini mama alikuwa ameshaweka kijiko chini. Tangu siku ile kila alipofumba macho aliona baiskeli inapaa.

Siku moja kabla ya ile ya mwisho, Kitinda alisimama mbele ya cherehani. "Mama, kesho usije kiwanjani."

"Nije kufanya nini? Nina sare arobaini hapa, na shule inafungua Jumatatu."

"Nakujua, Mama. Ukija nitakuona. Nikikuona nitatetemeka, na nikitetemeka yule mzee ataandika."

"Nimekwambia nina sare arobaini."

Sare zilikuwa arobaini kweli. Uongo mzuri hukaa juu ya jambo la kweli kama kifungo juu ya shati.

*

Asubuhi Kitinda aliondoka jua halijachomoza, suruali ya buluu imenyooka kwa pasi. Mama ndiye aliyeishona na kuipiga mishono miwili kila mahali, asije mtoto akachanika mbele ya watu. Kufika saa moja na nusu, mama alimwambia mumewe anatoka kwenda kununua uzi.

Fundi alimtazama. Mkewe alikuwa amevaa koti kubwa la kijivu ambalo mteja mmoja alilishonesha na hakurudi kulichukua, ameshika miwani ya jua ya mtoto wao wa pili, begi begani, na mtandio umezungushwa mpaka puani.

"Ni uzi gani huo," aliuliza, "unaovaliwa koti?"

"Nina mafua."

"Ugua pole," alisema fundi, na mabega yakaanza.

Jengo la abiria lilikuwa chumba kimoja chenye madawati ya mbao, dirisha la kioo lililotazama ofisi ya marubani, na mizani ya kijani ya kupimia magunia iliyosimama ubavuni mwa kaunta. Karani wa mizani alikuwa binti mpole mwenye miwani mikubwa. Alikuwa na adabu ya peke yake: namba za wanaume alizisema kwa sauti, za wanawake alizinong'ona.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nafasi ipo, ya kwenda na kurudi?"

"Una bahati, kimebaki kiti kimoja. Nani unamfuata kule?"

"Binamu," alisema Mama Kitinda ndani ya mtandio. Binamu kule hakuwa naye, lakini nani asiye na binamu.

Alikata tiketi, begi lake likapimwa kilo sita, kisha akaambiwa apande yeye. Hapo mkono wake wa kulia ulifanya jambo ambalo haukuagizwa. Kliniki ya presha alihudhuria kila mwezi, na kila mwezi nesi alimgombeza kwa uzito, basi kwa miaka mingi alikuwa amejifunza kusimama kwenye mizani huku kiwiko kimeegemea meza ya nesi, kidogo tu, kama mtu aliyechoka. Kiwiko kikizoea jambo hakiulizi tena. Alipanda ile mizani ya kijani, kiwiko kikaikuta kaunta, kikaegemea. Sindano ikapanda, ikasita, ikarudi nyuma kwa heshima.

"Sitini na saba," karani alinong'ona, akatazama lile koti kubwa, akatazama sindano tena. "Hongera mama, umejitunza."

"Ni kushinda njaa tu."

"Basi nitakuweka nyuma, kiti cha tano. Nyuma tunaweka wepesi."

Mama Kitinda alikwenda kuketi akiwa na furaha ya kipumbavu. Tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumhesabu miongoni mwa wepesi. Ile habari ya gurudumu la baiskeli, ambayo ilimnyima usingizi wiki nzima, haikumjia kichwani hata kidogo. Yeye alikuwa amekuja kulinda. Mtu aliyekuja kulinda hajihesabu kuwa mzigo.

Upande wa pili wa kioo mwanamume mwenye masharubu ya mvi alikuwa anakunywa chai katika kikombe cha plastiki. Alimtazama Mama Kitinda, akatazama kaunta, akaandika kitu kidogo, akaendelea na chai. Mama alidhani ni fundi wa mitambo, tena mmoja asiye na kazi.

Kupitia mlango uliokuwa wazi alimwona mwanawe. Kitinda alikuwa anaizunguka ndege, ndogo kuliko mama alivyoifikiria, ndogo kiasi cha kutia hasira. Alilishika bawa akalitikisa. Aliinama akachungulia magurudumu. Kisha akakinga mafuta kidogo kutoka chini ya bawa kwenye kichupa, akakiinua juani na kukitazama kwa jicho moja, kama mtu wa maabara anavyotazama mkojo wa mgonjwa. Mama akajisemea, huyu mtoto kaiba jicho langu.

*

Abiria walikuwa wanne. Kulikuwa na nesi mwenye boksi la chanjo alilolikumbatia kama mtoto mchanga, mwalimu mkuu mwembamba mwenye kitabu, na mfanyabiashara wa vipuri, mwanamume wa tumbo na maneno. Wa nne alikuwa Mama Kitinda, na mtandio sasa ulikuwa umepanda mpaka chini ya macho. Kitinda aliwapanga kando ya ndege, karatasi mkononi. Yule mwenye masharubu akatoka ofisini na kusimama nyuma yake. Mfuko wa shati lake ulikuwa na kalamu nyekundu, na Mama Kitinda akavaa miwani upesi.

Kitinda alieleza mikanda inavyofungwa na mlango unavyofunguka. Sauti yake ilikuwa nzito kuliko ya nyumbani. Akaanza kuita viti. Cha tatu, mwenye vipuri, kilo mia na mbili. Cha nne, nesi. "Na kiti cha tano, mwanamke, kilo sitini na saba."

Aliinua uso. Akamtazama mwanamke wa kiti cha tano, akatazama karatasi, akamtazama tena, taratibu, kuanzia viatuni. Viatu alivinunua yeye Kitinda. Miwani aliijua. Lile koti lilikuwa limening'inia nyuma ya mlango wa nyumbani kwao miaka mitatu.

Mama alitazama mbawa.

"Samahani, mama," alisema Kitinda, kwa ile adabu ambayo kijana yeyote humpa mtu mzima yeyote. "Nitakuomba urudi upimwe upya."

"Nimeshapimwa," ilijibu sauti nyembamba ya mafua.

"Najua, mama. Mizani yetu asubuhi huwa haijaamka vizuri."

"Mimi mbona ilinipima vizuri," alisema mwenye vipuri. "Tunachelewa, dada rubani. Mama wa watu kasema kapimwa."

"Na ndege ya watu haijasema kitu bado, mzee wangu. Tuisubiri nayo."

Mzee Kalamu alisogea karibu. Alikuwa ametoa kalamu.

Wakarudi ndani wote, maana hakuna aliyetaka kukosa. Kitinda hakumwachia karani. Alikwenda akasimama yeye mwenyewe kati ya mizani na kaunta, mgongo kwenye kaunta, kama ukuta wenye suruali ya buluu.

"Panda, mama. Mikono kifuani, kama shuleni."

Mama Kitinda akapanda. Kiwiko kilitafuta pa kuegemea kikakuta hewa. Sindano ikapanda, ikapita sitini na saba bila salamu, ikapita sabini na tano, ikaenda kukaa mahali ilipopataka siku zote.

"Themanini na sita," karani alinong'ona, lakini kwa mshangao ule mnong'ono ulifika mpaka mlangoni.

Mwalimu mkuu alifunika uso kwa kitabu. Mwenye vipuri akasema, "Mama, hayo mafua yana uzito."

Kitinda akapiga hesabu pale pale kaunta, kwa penseli. Zilikuwa zimebaki kilo tano kufikia kikomo, na sasa zimeongezeka kumi na tisa. Wamezidi kilo kumi na nne. Mafuta hayapunguziki, na boksi la chanjo halibaki. Kifurushi cha mwenye vipuri kilipimwa na kuandikwa tangu jana, na utaratibu ulikuwa umebandikwa ukutani kwa herufi kubwa: ndege ikizidi, wa mwisho kukata tiketi ndiye wa kwanza kubaki.

"Toa begi langu," alisema Mama Kitinda. "Kilo sita hizo."

"Zinabaki nane, mama."

Akavua koti, akalikabidhi. Karani alilipima, na kwa kuwa lilikuwa zito kuliko koti linavyopaswa kuwa, akaomba ruhusa ya kutazama mifukoni. Kaunta ikapokea tochi, chupa ya maji, pakiti mbili za biskuti, dawa ya kuchua, bandeji na kamba ya manila iliyokunjwa vizuri.

"Mama," alisema nesi kwa upole, "kamba ya nini?"

"Huwezi jua," alisema Mama Kitinda.

"Kilo tatu na nusu," alisema Kitinda. Midomo yake ilikuwa inapigana na kitu. "Zinabaki nne na nusu."

"Si nipunguzie hizo, mwanangu. Nne na nusu ni kitu gani, ni kuku wawili."

"Mizani si duka la vitambaa, mama."

Hapo mama akatupa jicho kwenye penseli. Ilikuwa inatetemeka. Ilikuwa inatetemeka kama alivyoambiwa kwamba ingetetemeka, na kidole gumba cha mtoto kilikuwa kimeibana mpaka kimebadilika rangi. Nyuma yake mzee alikuwa ameegemea mlango, kalamu imegusa karatasi na haijaandika. Chumba kizima kilikuwa kinasubiri binti yule amwambie mwanamke mzima kwamba atabaki.

Mama Kitinda alikuwa na neno moja mdomoni. Mimi ni mama yake. Angelisema, karani angemwonea haya, mwenye vipuri angejitolea kifurushi chake kwa aibu, mwalimu mkuu angemwachia kiti. Katika maisha yake neno hilo lilikuwa limemfungulia ofisi za walimu wakuu, wodi za hospitali saa zisizo za kutazama wagonjwa, na mara moja kituo cha polisi. Hakuwahi kuwa nalo mdomoni akashindwa kulitema.

"Mama," alisema Kitinda, na sauti ilipanda kidogo kisha ikatulia, "wewe ndiye wa mwisho kukata tiketi. Leo utabaki. Karani atakurudishia nauli yako au atakuandikia siku nyingine. Pole kwa usumbufu."

Mama akalimeza lile neno. Lilishuka na miba yake.

"Haya," alisema. "Binamu mwenyewe hanipendi."

Akatoka mpaka kwenye uzio, akashika waya kwa mikono miwili. Aibu ilikuwa inamchoma masikio, lakini magotini alisikia kitu kingine, kitu laini na cha ajabu, na ilimchukua muda kukitambua. Magoti yalikuwa yanafurahi. Magoti yalikuwa hayataki kupanda kile kidude tangu yalipokiona. Ndege ikaunguruma, ikakimbia na kunyanyuka, mkia umekaa sawa, gurudumu la mbele halikuruka ovyo kama la baiskeli. Mama akaifuata kwa jicho mpaka ikawa nzi, ikawa nukta, ikawa hakuna. Alifungua mdomo kumwambia mtu, akakuta yuko peke yake.

*

Angeweza kurudi nyumbani kwenye sare zake. Alikaa.

Karani alimletea chai, akamwambia ndege itarudi saa tisa. Saa nne akauliza kama imefika salama. Karani akauliza redioni, akasema imetua. Saa tano akauliza kama imeondoka, akaambiwa bado. Saa tano na robo akauliza kama ile ya saa nne ilikuwa habari ya kweli au alikuwa anatulizwa. Lakini swali lenyewe lililomkaa rohoni hakuwa na wa kumuuliza. Ile penseli iliyotetemeka, mzee aliiona? Na akiiona, aliandika nini? Kama mtoto atarudi dawatini kufunga vifurushi, basi atakuwa amerudishwa na mama yake, na kiwiko chake.

Saa sita na nusu baiskeli ilisimama nje. Fundi akaingia na kapu la chakula, akakaa kwenye dawati pembeni ya mkewe kama mtu aliyefika kituo cha basi.

"Niliona uzi umeadimika mjini," alisema.

"Ulijuaje niko hapa?"

"Wewe una jicho. Mimi nina akili kidogo." Akafungua kapu. "Umeharibu kiasi gani?"

Akamsimulia yote, mpaka kamba. Fundi hakucheka, hata kwa mabega, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Alimega mkate, akampa mkewe kipande kikubwa, akasema, "Kumbe gunia lilikuwa wewe." Halafu wakala wakitazama mlango.

Saa tisa na dakika kumi nzi alionekana angani. Akawa ndege, akagusa ardhi, akagusa tena, akatulia. Aliyeshuka kwanza ni Mzee Kalamu, na alikuja moja kwa moja kwenye dawati lao, karatasi chini ya kwapa. Mama alisimama. Hakujua avue miwani au asivue.

"Kilo sitini na saba," alisema mzee. "Habari za mafua?"

"Yamepungua."

"Nilikuona asubuhi kupitia kioo. Hicho kiwiko chako kingelipwa mshahara."

Mama aliketi tena. "Uliona? Sasa mbona ulinyamaza?"

"Kazi yangu si kusema, dada yangu. Karani akikosea, rubani ndiye anayepaswa kuona. Nilitaka nijue ataona au hataona. Na akiona, atasema au atamwonea haya mtu mzima."

"Na angenionea haya?"

"Nisingeacha injini iwake. Na kesho angekuwa pale," alisema, akionyesha dawati la vifurushi kwa kidevu.

Fundi alikohoa. Mama alitazama lile dawati, kamba zake na gundi yake. Miezi mitatu alikuwa amekesha akiogopa upepo, mvua, miti, injini na mzee huyu. Orodha ndefu, na yeye mwenyewe hakuwamo.

"Alikwambia mimi ni nani?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Tulipokuwa juu. Sikumuuliza. Akasema, mzee, yule wa kiti cha tano ni mama yangu mzazi, andika unavyoona. Halafu akaanza kucheka. Amecheka mpaka nesi akauliza kama kuna hitilafu. Ndege ilikuwa imenyooka kama rula, lakini. Nilitazama."

"Na penseli? Pale kaunta ilikuwa inatetemeka."

"Niliiona. Mikono kutetemeka si kosa. Kosa ni hesabu kutetemeka."

Akamkabidhi karatasi aisome. Mama Kitinda hakuwa msomaji wa haraka. Alipita na kidole mstari kwa mstari, akaruka namba, akafika chini kwenye wino mwekundu. Palikuwa na sahihi kubwa, na juu yake maneno machache: *Aligundua kosa la uzito. Alimshusha abiria aliyehusika. Hakubembelezeka.* Alisoma lile neno la mwisho mara mbili. Katika nyumba yao lilikuwa neno la kulalamikia watoto, na hapa limeandikwa kama sifa.

Kitinda alikuwa amesimama mlangoni, jasho mgongoni, nywele zimelalia upande mmoja. Mama alitaka kumkumbatia, akakumbuka bado wako kazini kwa watu, akamkunjua kola badala yake.

"Umenifedhehesha mbele ya muuza vipuri," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Themanini na sita, mtu mzima."

"Themanini na sita na nusu. Nusu nilikufichia."

"Na ungefanya tena?"

"Kila siku, Mama. Hata Baba."

"Mimi niko sitini na moja," alisema fundi kutoka dawatini. "Karibuni mnipime."

Mama alimkunjua kola upande wa pili, ingawa haukuwa na tatizo. "Basi sawa," alisema, na aliposema hivyo alisikia kwamba ni sawa kweli. Mtoto asiyempa mama yake kilo nne na nusu hatampa mtu mwingine yeyote. Huo ulikuwa usingizi wa usiku mmoja, pengine mbili.

Kitinda akamtazama kwa lile jicho la kichupa cha mafuta. "Sasa kesho naruka peke yangu. Mzee hayupo, kiti cha mbele kulia kiko wazi. Karani kasema tiketi yako bado iko hai. Utakaa pembeni yangu, utaona kila kitu nikifanyacho, kila saa, kila kidole. Si ndicho ulichokuwa unakitaka?"

Ndicho alichokuwa anakitaka. Kwa miezi mitatu hakutaka kingine. Lakini magoti yalikuwa yamesikia, na yalikuwa yameanza kulainika moja moja. Mama Kitinda alitazama ndege pale nje, udogo wake, na upepo uliokuwa unaichezea mkia. Alifikiria sare arobaini, akakumbuka kwamba uongo huo ulishatumika. Alitafuta haraka haraka mahali pengine pa kuegemea.

"Ningekuja," alisema, "ila mimi ni mke wa mtu. Lazima nimwombe baba yako ruhusa."

Kitinda akamtazama baba yake. Karani, ambaye hakuyajua ya nyumbani kwao, aliona ni jibu la heshima. Lakini katika miaka thelathini na mitatu ya ndoa mwanamke huyu hakuwahi kuomba ruhusa ya kwenda popote, hata leo ya kwenda kununua uzi.

"Ruhusa ipo," alisema fundi, akifunga kapu lake bila kuinua kichwa. "Tena nitakuleta mwenyewe kwa baiskeli."

Mama Kitinda akamgeukia polepole, na mabega ya mumewe yalikuwa yameanza kazi.

"Nimesema nitakuomba," alimwambia. "Sijakuomba bado."